Honi ya Ukurasa wa Mwisho

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Tabora, mtoto wa dereva wa treni. Nilisoma hadi kidato cha nne. Leo sina mke, sina mahali pa kupaita kwangu, na mwanangu wa pekee yuko katika nchi ambayo siruhusiwi tena kuikanyaga. Nimenyamaza muda mrefu... lakini kila nikimwona mzazi amempakata mtoto wanaangalia kitabu cha picha, moyo wangu unapasuka upya. Basi niacheni niseme!

Tangu ujana sikujua kutulia. Mama alisema nilizaliwa treni ikipita, ndiyo maana. Nilitoka Tabora kwa behewa la daraja la tatu hadi Kigoma, nikauza dagaa, nikachoka. Nikaingia Zambia, nikabeba mizigo Lusaka. Nikapanda hadi Nairobi, nikajifunza udereva wa malori. Kutoka hapo Kairo, kisha Ugiriki, ambako nilichuma machungwa kwenye baridi vidole vikafa ganzi. Nilipokuwa Tabora niliitamani dunia. Nilipoipata dunia, nikaililia Tabora! Mtu wa namna hii utamweka wapi akatulia?

Mwishowe rafiki yangu Deo, tuliyekaa naye dawati moja shuleni, akaniita Washington. Niliingia Marekani kwa viza ya matembezi ya wiki chache. Nikatembea miaka kumi!

Deo aliendesha teksi Alexandria ya jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto kutoka Washington. Alinitafutia kazi ya kuegesha magari ya wageni hotelini. Katika ibada ya Kiswahili, tuliyokuwa tukifanya kwenye ukumbi wa kukodi kule Falls Church, mji wa jirani, nikakutana na Kemunto, Mkenya wa Kisii. Alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Alikuwa mcheshi, mchapakazi, na makaratasi yake ya kuishi nchini yalikuwa kamili. Tukaoana. Ombi langu la kuishi kule likasimama juu ya ndoa hiyo, na wakati likisubiri sikutakiwa kutoka nje ya nchi. Ningetoka, nisingerudi. Likumbukeni hilo.

Mungu akatupa mtoto wa kiume. Tukamwita Tumaini.

Tuliishi katika ghorofa upande wa magharibi wa Alexandria, dirisha likitazama barabara kuu. Mke wangu alikuwa akiunganisha zamu mbili, kwa hiyo Jumamosi mtoto alikuwa wangu. Nilikuwa na hofu moja tu: kwamba mwanangu angekua hajui lugha yangu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Wazazi wenzangu wa kule wanaijua hofu hiyo.

Ndipo nikaanza kumpeleka maktaba ya mtaa. Maktaba za kule hazilipishi, na zina pembe ya watoto yenye zulia na vitabu vya picha kama maduka ya peremende. Nilimpakata, nikafungua kitabu cha Kiingereza, nikamsomea kwa Kiswahili papo hapo. Na nikisema ukweli, sikuwa natafsiri. Nilikuwa narudi nyumbani! Mbwa mwitu aligeuka fisi. Theluji ikawa mvua ya masika. Kila mji katika kila kitabu ukawa Tabora, na kila bibi kizee akawa bibi yangu akikaanga karanga. Tumaini alicheka hadi mkutubi, mama mmoja mweusi wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, akawa anatukaribisha kwa majina.

Je, kulikuwa na ubaya gani? Sikuuona. Nilikuwa nimejizoeza kubadilisha vitabu, na nilidhani ni mapenzi.

Siku moja nikaona kitabu chenye treni kwenye jalada. Treni ya zamani, nyekundu, ikifuka moshi! Moyo wangu uliruka. Nilikichukua mimi mwenyewe, wasomaji, kwa mkono wangu huu. Sikulazimishwa na mtu.

Hadithi ilikuwa ya mvulana anayeishi kando ya reli. Bibi yake anashona mapazia, na kwa mabaki ya pazia la maua anamshonea mjukuu gauni, kwa sababu mjukuu ameliomba. Mvulana analivaa na kucheza nalo uani. Wenzake wanamzomea. Baba yake, dereva wa treni, anaona haya na kumwambia alivue. Siku ya sherehe ya mji, mvulana anasimama kando ya reli amevaa gauni lake, akitetemeka. Treni inakuja. Na kwenye ukurasa wa mwisho baba anachungulia dirishani, anamwona mwanawe... anapiga honi ndefu kumsalimu. Basi, hadithi imeisha.

Mniambie, mimi wa Tabora ningefanyaje? Baba yangu mwenyewe, treni yake ikipita karibu na nyumba za reli, alikuwa akipiga honi. Mama akiisikia alibandika maji ya kuoga. Sisi watoto tulikimbia nje kupunga mikono. Honi ile ilikuwa na maana moja tu: nimewaona, wanangu. Nimezunguka dunia, sijasikia sauti tamu kuliko ile.

Lakini lile gauni lilinichoma machoni. Nilifika katikati ya kitabu nimempakata mwanangu, nikashikwa na woga. Nikafanya nilivyozoea. Katika Kiswahili changu, mvulana akalivua gauni, akampa dada yake, akavaa kofia ya reli, akawa dereva kama baba. Picha zilionyesha gauni, mimi nikasema hilo ni joho la shule.

Tumaini alikipenda kitabu kile kuliko vyote. Tulikiazima, tukakirudisha, tukakiazima tena. Kila mara nilimdanganya kwa sauti tamu.

Akaanza darasa la kwanza. Wasomaji, mtoto akijua kusoma, mzazi mwongo hana pa kujificha! Siku moja sebuleni alikifungua mwenyewe, akapitisha kidole chini ya maneno, polepole, midomo ikichezacheza. Kisha akainua macho. Akaniambia kwa Kiingereza chake, bila hasira, kwamba sivyo ilivyoandikwa. Hakulivua. Baba yake alipiga honi.

"Wewe Baba ulisema hadithi nyingine," akamalizia kwa Kiswahili.

Nilimjibu kwamba hadithi yangu ni nzuri zaidi. Akaweka kidole kwenye ukurasa, akasema, "Hapana. Hii."

Wiki ile ile, tukiwa ndani ya gari, aliniambia tena: "Baba, labda mimi niko kama yule." Kwa nini sikumuuliza, kama yule vipi? Huenda ni gauni tu. Huenda ni jambo kubwa zaidi, au ni treni! Sijui hadi leo, kwa sababu sikuuliza. Niliongeza sauti ya redio.

Ikaja sikukuu ya watoto katika ule ukumbi wa Falls Church. Kila mtoto alitakiwa kusimama mbele atoe shairi, wimbo au hadithi. Wengine wote walitoa kwa Kiingereza. Tumaini akatangaza kwamba yeye atasimulia kwa Kiswahili. Nilivimba kifua! Nilikaa safu ya mbele na Deo, nikamwambia, "Leo utamwona Mnyamwezi aliyezaliwa ughaibuni." Kemunto alikuwa zamu.

Tumaini akatoka nyuma ya pazia la jukwaa. Alikuwa amejifunga kitambaa cha maua, pazia la chumba chake mwenyewe, amelibana kifuani kwa vibanio vya mama yake. Gauni...

Akaanza. Na Kiswahili chake kilikuwa safi! Alisimulia reli, mvua ya masika, bibi akikaanga karanga. Alikuwa ameichukua Tabora yangu yote, akaiweka ndani ya hadithi jinsi ilivyoandikwa, bila kupunguza kitu. Sijawahi kusikia mtoto wa kule akisema Kiswahili kama kile. Kila neno lilinifurahisha, na kila neno lilinichoma. Nyuma yangu kicheko kilianza kama mtu anayekohoa, kikaenea.

Alipofika mwisho alisimama wima, akanitazama mimi peke yangu katika ukumbi mzima. Akasema, "Treni inakuja. Sasa Baba, piga honi."

Akangoja.

Ndugu zangu, ningefanya "puuu!" kwa mdomo, yote yangeishia pale. Ni pumzi moja tu! Lakini nilitazama viatu vyangu. Nikamsikia Deo akiniinamia sikioni: "Aisee Baba Tumaini, kumbe una binti hujatuambia? Mahari yake ng'ombe wangapi, tujipange?" Safu nzima ikaangua kicheko.

Mwanangu alingoja kidogo tena. Kisha akashuka jukwaani ameshika pindo la pazia ili asijikwae.

Kuanzia siku ile watu hawakunipa nafasi ya kupumua. Hotelini, dereva mmoja wa Kikongo alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Papa, mademwazeli hajambo?" Yaani binti yangu. Deo ndiye aliyeniletea dawa. Alisema, "Samaki mkunje angali mbichi. Lakini ukimkunja hapa, serikali itakukunja wewe kwanza! Mpeleke nyumbani akanyooshwe. Wenzako wote wanafanya hivyo." Ni kweli, walifanya. Mtoto akichelewa shule, akijibu wazazi, akivaa hereni, anapelekwa nyumbani kwa babu au shule ya bweni, anarudi amenyooka. Ndivyo tulivyoamini.

Nilianza kwa kukificha kitabu. Nilikiweka kwenye droo ya kibanda chetu cha funguo hotelini. Tumaini alikitafuta chini ya kitanda, nyuma ya kochi, hata ndani ya jokofu! Nikamwambia nimekirudisha maktaba. Uongo mwingine.

Kisha nikamdanganya mama yake. Nilimwambia kwamba mama yangu amezeeka, anataka kumwona mjukuu kabla hajafa; mtoto aende likizo ya kiangazi tu. Mimi nisingeweza kusafiri, lakini mama mmoja wa Kitanzania alikuwa anakwenda likizo, angempeleka na kumrudisha. Kemunto alinitazama usoni. "Likizo tu, Baba Tumaini?" "Likizo tu, mama." Akakubali kwa moyo mweupe, akanunua zawadi za mama mkwe.

Kumbe nilikuwa nimeshasema na kaka yangu mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa fimbo na paredi. Nilimwambia azuie pasi ya kusafiria ya mtoto na amwandikishe shule. "Niachie mimi," alinijibu. "Nitamrudisha mwanamume."

Pale uwanja wa ndege, Tumaini aliniuliza kama ataiona treni ya babu. Nikamwambia ataiona. Hilo peke yake lilikuwa la kweli.

Likizo ikaisha. Shule zikafunguliwa Virginia, kiti cha mwanangu kitupu. Nilimwambia Kemunto yule mama ameahirisha safari. Halafu nikasema pasi imepotea. Uongo hauzai mtoto mmoja! Tukipiga simu, Tumaini alikuwa akisema maneno machache, na kaka yuko karibu naye. Mara ya mwisho aliniuliza, "Baba, utapiga honi nikirudi?" Nikajibu kwamba simu inakatika.

Haikuwa inakatika.

Kisha ikaja simu ya kaka, na sauti yake ya paredi ilikuwa imekufa. Mtoto ana homa kali, amelazwa, hajitambui. Wasomaji, mtoto aliyezaliwa kule damu yake haijawahi kuonja malaria. Mimi nilikulia nayo, nilijua hatari hiyo! Lakini katika pupa yangu ya kumnyoosha nilifikiria gauni, sikufikiria mbu. Sikumpa dawa ya kinga, wala chandarua sikukitaja.

Ilinibidi nimwambie Kemunto yote. Alikaa kwenye kochi, sare ya kazi bado mwilini, akasikiliza hadi mwisho. Hakulia. Aliuliza jambo moja: "Kwa sababu ya kitabu?"



Alikopa nauli kwa binamu yake, akaondoka peke yake. Mimi, baba mtu, sikuweza kumfuata kwa sababu ya ombi lile la makaratasi. Nilibaki Alexandria nikiegesha magari ya watu wanaokwenda wanakotaka. Nilifunga, nikasali. Nilimwahidi Mungu kila kitu, na gauni pia. Ajipambe kwa hariri, Bwana, lakini apone!

Mungu akasikia. Baada ya wiki nyingi nikaenda kuwapokea uwanja wa ndege. Niliwaona wakitoka, Kemunto amekonda, Tumaini amenyolewa kipara, amevaa kaptula ya khaki ya shule aliyoandikishwa na kaka yangu, kichwa ameinamisha. Nikaita, "Tumaini!" Hakuinua uso. Nikaita kwa nguvu, watu wakageuka. Yeye hakugeuka. Nikajua amenichukia, na nikaona ni haki yake.

Kemunto akanifikia. "Wacha kupiga kelele," akasema. "Huyu hakusikii."

Sikumwelewa.

"Malaria ilipanda kichwani. Masikio yameenda, yote mawili." Alisema polepole, kama anavyosema na wazee wake kazini. "Si ulitaka anyooke? Haya. Amenyooka."

Mungu wangu! Ningetamani ardhi ya uwanja ule inimeze na mzigo wangu wote.

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi. Kemunto alihamia Oxon Hill, upande wa Maryland, kwa binamu yake. Hakimu alinipa saa mbili za Jumamosi, hapo maktaba, basi. Ndoa ilipokufa, ombi langu likafa nayo, nikaamriwa kuondoka nchini. Deo? Deo aliyenipa dawa ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimulia kwenye teksi yake, "Yule jamaa yangu aliyempeleka mwanawe kwa mbu." Wale waliocheka ukumbini wakawa wananilaani. Sikuona mtu hata mmoja aliyekumbuka kwamba alicheka!

Wazazi wenzangu, nawaomba. Sikuja kuwaeleza watoto wenu watakuwa nani, maana sijui hata wangu atakuwa nani. Ila mtoto akikuonyesha kitabu, msomee kilichoandikwa. Ukikutana na ukurasa unaokutisha, mwambie unakutisha, lakini usimbadilishie. Akikwambia "niko kama yule," zima redio, umuulize. Na usimtoe mtoto wako sadaka ili watu wakusifu. Watu hao hawatakuwepo hospitalini. Watacheka, watakwenda kula pilau yao, wewe utabaki na kitanda kitupu. Mimi kimenibakia!

Jumamosi yangu ya mwisho ilikuwa siku ya safari. Ndege ilikuwa jioni. Begi langu moja nililiweka mlangoni mwa maktaba. Kemunto alimleta mtoto, akabaki kwenye gari nje.

Tumaini alikaa kwenye zulia, si mapajani. Nikatoa kitabu ndani ya koti. Alipoona treni nyekundu macho yalimtoka. "Ulikuwa nacho?" Sauti yake ilikuwa imeanza kupoteza umbo, kama sauti ya mtu anayesema ndani ya pipa. Nikaitikia kwa kichwa. Nikakifungua, nikasoma. Yeye aliitazama midomo yangu, kisha kidole chake kikapita chini ya kila neno, akilinganisha. Nilisoma gauni kuwa gauni. Nilisoma kuzomewa. Nilipofika pale baba anapoona haya, sikuruka hata mstari mmoja.

Ukurasa wa mwisho. Treni inakuja.

Akainua uso, akangoja, kama alivyongoja jukwaani.

Nikavuta pumzi. "Puuuuuuuu!" Maktaba nzima ikageuka. Mkutubi alisimama mezani kwake, akatuona, akakaa tena bila neno. Tumaini alikuwa amekunja uso. Aliuona mdomo wangu tu. Basi nikaushika mkono wake mdogo, nikauweka kifuani kwangu, nikapiga tena, kwa nguvu zangu zote, hadi mbavu zikatetemeka.

Hapo akatabasamu.

"Nimeipata," akasema.

Nje, Kemunto akapiga honi ya gari. Muda wangu umekwisha. Mtoto hakusikia, mkono wake ulikuwa bado kifuani kwangu, akisubiri treni ipite tena. Ningeweza kunyamaza. Angejuaje? Dakika moja, mbili... nani angenilaumu?

Honi ikalia mara ya pili.

Nikamgusa bega, nikamwonyesha dirishani. "Mama anakuita," nikasema polepole, ili aweze kuyasoma maneno.

Alikikumbatia kitabu, akakimbia. Mlangoni aliruka begi langu bila kulitazama. Nami nikalichukua, nikaenda kutafuta basi la uwanja wa ndege.